Pembe, Chupa na Mpira

Jikoni kwangu, hapa Mandewa mjini Singida, kuna rafu moja ambayo wajukuu wamekatazwa kuigusa. Juu yake pana pembe ya ng'ombe, fupi, nyeusi, iliyolainika kwa kushikwa na mikono mingi, yenye kitundu kwenye ncha. Kando yake imesimama chupa ya kioo ya dripu, ya nusu lita, na kizibo chake cha mpira wa kijivu. Wageni hudhani ni mapambo ya mwanamke mzee asiyejua kutupa vitu. Hawakosei sana. Lakini mimi niliyekuwa muuguzi wa thieta tangu 1975 hadi nilipostaafu 2012 naviona kama ndugu wawili wa tumbo moja, mkubwa na mdogo. Vyote viwili hunyonywa hewa, vikatoa kilichojikusanya mahali palipoumia.

Pembe ni ya kupigia chuku. Vijana wa leo wanalijua neno hilo kwa maana ya kutia chumvi tu: fulani anapiga chuku, usimwamini. Sisi tulioiona kazi yenyewe, ambayo wengine huiita kuumika, tunakumbuka jinsi ngozi ilivyopanda ndani ya pembe ikavimba kama andazi kwenye mafuta. Nadhani ndiko usemi ulikotoka, ingawa sina wa kuniunga mkono.

Mama yangu alianguka kwenye mawe ya kwetu, upande wa Mtinko, akiwa na mtungi wa maji kichwani. Nyonga ikavimba, ikawa nyeusi. Akaitwa babu mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuja na mfuko wa ngozi ya mbuzi wenye pembe tano. Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli. Kwanza alikanda mahali penyewe kwa kitambaa cha maji ya moto. Akaweka pembe na kuinyonya kavu, bila kukata, mpaka ngozi ikapanda. Akaibandua, akachanja chale ndogondogo kwa wembe, kisha akairudisha pembe ile ile palepale. Ndani ya shavu alikuwa amebana donge la nta. Aliponyonya mpaka mashavu yakabonyea, ulimi ukalisukuma lile donge likaziba kitundu, naye akainua kichwa. Pembe ikabaki imesimama peke yake kwenye nyonga ya mama, kama imeota. Nilikuwa na miaka minane hivi. Nililia mpaka nikatolewa nje, bakuli akashika shangazi.

Nilichungulia mlangoni hata hivyo, na mwisho wake niliuona. Damu iliyotoka ilikuwa imeganda kama ini bichi. Nta iliyotumika babu aliitupa motoni. Alisema nta ya jana haishiki. Haikuwa hasara kubwa, maana ilitoka kwa warina asali wa mapori ya Itigi. Pembe aliisuuza kwa maji ya kibuyu. Wembe aliufuta kwenye shuka lake, akaurudisha mfukoni, akaenda nyumba ya tatu kumwona mzee aliyekuwa anaumwa kichwa.

Nilipoingia kwenye uuguzi nilimcheka sana babu yule. Nilimcheka miaka kama kumi, kisha nikanyamaza. Kila chombo cha kunyonya kidonda nilichokabidhiwa kilikuja na lile suala ambalo yeye alilikata kwa namna yake: kipi kinakwenda motoni, kipi kinarudi mfukoni. Yeye aliteketeza nta na kutunza wembe. Sisi tulifanya kinyume chake mara chache kuliko tunavyopenda kukiri.

Hospitali za kwetu nyingi zilizaliwa na misheni, wakati Singida ikiwa bado sehemu ya Jimbo la Kati, kabla haijawa mkoa mwaka 1963. Kilimatinde, ambako Wajerumani walikuwa na boma tangu mwishoni mwa karne ya 19, palikuwa na hospitali ya Waanglikana. Iramba walifika Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, wakafanya kazi Kiomboi na Iambi. Mwaka 1954 masista wa Medical Missionaries of Mary wakaanza Makiungu, ambayo leo iko wilaya ya Ikungi. Vyumba vya upasuaji vya aina hiyo, vya misheni na vya serikali, ndivyo vilivyonilea, na sitasema lipi nililiona wapi. Kazi zilikuwa ngiri, mabusha, tezi za shingo, mifupa iliyojaa usaha, na kwa kuwa mkoa wetu ni wa wafugaji, mtu aliyetumbuliwa tumbo na pembe ya dume. Pembe haikuniacha.

Niseme kwanza kwa nini kidonda kinyonywe. Daktari akiondoa titi lenye saratani, anairudisha ngozi juu ya kifua na kuishona. Chini ya ngozi ile panabaki mfuko mtupu, na mwili haupendi mfuko mtupu: huujaza majimaji ya rangi ya chai nyepesi. Ngozi ikielea juu ya majimaji hayo haishikani na nyama, nyuzi zinavutika, vijidudu vinapata bwawa la kuzaliana. Ukiweka mpira wenye matundu chini ya ngozi na kuuvuta taratibu, ngozi inalala, inagandamana, na kwa siku chache mambo yanakwisha. Tulipima kila asubuhi. Majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku nzima, mpira unatolewa.

Ulaya waliachia majimaji yatoke yenyewe kwa muda mrefu kabla ya kufikiria kuyavuta. Mfaransa Chassaignac aliandika mwaka 1859 juu ya kutumia mipira laini yenye matundu. Kisa ninachokipenda ni cha 1871, Balmoral, Uskochi, pale Malkia Victoria alipopata jipu kubwa kwapani. Joseph Lister alilipasua, akaweka kitambaa cha kutolea usaha, usaha ukakataa kutoka. Basi akakata kipande cha mpira kutoka kwenye mashine yake ya kunyunyizia asidi ya kaboliki, akakitoboa matundu, akakiloweka usiku kucha ndani ya asidi hiyohiyo, asubuhi akakiingiza kwapani mwa Malkia. Usaha ukatoka. Nimewasimulia wanafunzi wengi kisa hiki kila walipoona haya kukata mpira wa dripu kwa kukosa kilicho bora. Niliwataka washike neno moja tu ndani yake: usiku kucha.

Kuvuta kwa utupu kulipata umbo lake mwaka 1954, Mfaransa mwingine, Henri Redon, alipotumia chupa iliyokwisha nyonywa hewa. Unaiunganisha na mpira, unafungua koleo, chupa inavuta yenyewe bila mashine wala umeme. Chupa za aina hiyo zilikuja kuwekewa juu ya kizibo vipembe viwili vya mpira, ambavyo mkao wake ulimwonyesha muuguzi kama utupu bado upo. Nilipoiona picha yake kitabuni chuoni nilicheka peke yangu, mkufunzi akaniuliza kuna nini. Ningemwelezaje?

Kioo kilikuwa rafiki yetu. Hospitali nyingi za misheni zilitengeneza dripu zao zenyewe, maji yakitoneshwa na kuchemshwa papo hapo, kwa hiyo chupa zilizunguka: dripu, kuoshwa, mvuke, dripu tena. Iliyochubuka mdomo ilishushwa cheo ikawa ya kupokelea majimaji ya kifuani, ule mfumo wa mpira uliozamishwa majini ambao Mjerumani Bülau aliuanzisha katika karne ya 19. Kila kitu kilirudi. Hata glavu tuliziosha, tukazipuliza kama maputo kuona matundu, tukazinyunyizia unga, tukazikunja kwenye dramu na kuzitia mvuke. Glavu yenye tundu dogo tuliitia kiraka.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani au Ulaya havikutuambia. Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji kwetu huchemka kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100. Kuchemsha peke yake hakuui mbegu ngumu za vijidudu popote duniani. Kwetu kunaua pungufu zaidi. Tulikuwa na mtungi wa mvuke uliowekwa juu ya jiko la mafuta ya taa, maandishi yake yakisema mshale ufike ratili 15 kwa inchi ya mraba, ndipo joto lifike nyuzi 121. Fundi wetu, mtu asiye na cheti chochote cha utabibu, ndiye aliyetueleza kwamba hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo mshale usomeke karibu ratili mbili na nusu zaidi. Alikuwa amelisoma jambo hilo kwenye kijitabu cha mtungi wenyewe, ukurasa ambao sote tuliuruka. Sijui ni vyombo vingapi tulivitoa vikiwa vimepashwa moto tu. Sipendi kulifikiria.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Kwetu habari ilifika kwanza kama mnong'ono, kisha kama waraka. Baada ya hapo hakuna aliyefuta wembe kwenye shuka, na hakuna aliyetia glavu kiraka. Tukaambiwa kila kitu kiwe cha kutumia mara moja. Shauri zuri, ila bohari ilikuwa tupu, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulipoanza hospitalini, ndugu wa mgonjwa wakawa wanatumwa dukani kununua glavu, uzi na mpira.

Katika miaka hiyo ya 1990 vilikuja vyombo vya plastiki vya kufyonzea, kwenye masanduku ya misaada. Kimoja kilikuwa cha mviringo, chenye springi ndani, mfano wa kinanda cha mkono: ukikibonyeza na kuziba mdomo, springi inajitanua na kuvuta. Kingine kilikuwa balbu laini ya ukubwa wa ngumi, ya mililita 100, iliyobuniwa na Jackson na Pratt, madaktari wa jeshi la majini la Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tuliiita bomu. Vyote vilikuwa na alama ya namba 2 iliyokatwa kwa mstari, maana yake usirudie.

Tulirudia. Katika hospitali moja niliyofanya kazi tulikuwa na vinanda vitatu kwa wodi nzima, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa kabati. Plastiki ile ukiitia kwenye mvuke inajikunja kama jani la mgomba motoni, kwa hiyo tuliviosha kwa sabuni, tukavijaza jiki, tukavisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kuvianika kwenye dirisha lenye wavu. Kimoja kilipita kwa wagonjwa kumi na mmoja. Nilikuwa nakata mstari wa biro kwenye plasta iliyobandikwa chini yake. Mgonjwa wa kumi na moja alikuwa mama aliyetolewa titi. Siku ya nne majimaji yakabadilika rangi, siku ya tano ngozi ikaanza kuoza ukingoni. Aliugua miezi miwili, akapona, kovu likawa baya.

Nilikichukua kinanda kile nikakipasua kwa mkasi wa kukatia plasta. Nje kiling'aa. Ndani, kwenye mikunjo na pale springi ilipogusana na bamba, palikuwa na utando wa kijivu wenye utelezi, kama ule unaobaki kwenye kibuyu cha maziwa ya mgando. Brashi isingefika pale hata kwa muujiza. Waliokibuni hawakukusudia kioshwe, nasi tuliokiosha hatukuwa na uwezo wa kukifungua. Nilikuwa nimetunza wembe.

Fundi yule wa mtungi, ambaye wakati huo alikaribia kustaafu, aliniuliza swali moja: katika chombo hiki, kitu gani hasa kinamgusa mgonjwa? Tukakaa na chai. Mpira unaingia mwilini. Huo hauna mjadala. Chombo cha kupokelea kinaguswa na majimaji, ila majimaji yanaingia tu, hayarudi, alimradi utupu upo na chupa iko chini ya kitanda. Kinachovuta hewa hakiguswi na chochote, ukiweka kizuizi kati. Basi vitu vitatu, kanuni tatu.

Alichotengeneza ndicho kilicho kwenye rafu yangu. Chupa nene ya dripu, ambayo haina mkunjo ndani na mkono wa brashi unafika hadi kitako. Kizibo cha mpira chenye vipande viwili vya bomba la chuma kisichoshika kutu, vyote vikistahimili nyuzi 121. Bomba moja ni la kuunganisha mpira wa mgonjwa, mpya kila mara, uliokatwa kutoka seti ya dripu. Tuliukunja na kunyofoa tundu kwa ncha ya mkasi, lisizidi theluthi ya unene wake, la sivyo unakatikia ndani ya mtu. Chupa ilinyonywa hewa kwa pampu ya mguu ya thieta, tukabana koleo, tukaipeleka wodini.

Bomba la pili ndilo ninalolionea fahari. Kwenye ncha yake ya ndani fundi alifunga kidole kilichokatwa kutoka glavu mpya, na ncha ya nje akaiacha wazi. Hewa ndani ya chupa ikiwa imenyonywa, ile ya nje inaingia kwenye kidole, kinavimba na kusimama ndani ya kioo. Utupu ukiisha, kidole kinalegea na kuning'inia. Hata ndugu wa mgonjwa asiyejua kusoma aliweza kuja usiku kuniambia, sista, kidole kimelala. Kabla ya chupa kwenda kwenye mvuke tulikitupa. Kilikuwa nta yetu.

Tuliitumia kama miaka sita. Akina mama walitembea nayo hadi chooni imefungwa ndani ya khanga, ili wasiwatishe wenzao. Ilikuwa nzito. Moja ilianguka kwenye saruji ikapasuka kwa kishindo, vioo vikaruka hadi kitanda cha tatu. Tangu hapo kila chupa ilivikwa soksi. Na haikuuawa na kasoro zake. Dripu zilianza kuja kwenye vifuko na chupa za plastiki, utengenezaji wetu ukafa, kioo kikawa hakiingii tena. Chupa zikapungua mojamoja hadi nikabaki na hii. Wauguzi waliofuata wanakamua chupa tupu ya plastiki ya dripu na kuiunganisha ikijitanua ivute. Inavuta kidogo. Angalau inatupwa.

Duniani wenye fedha walikuwa wakienda mbele. Mwaka 1997 Argenta na Morykwas, huko North Carolina, walichapisha kazi yao ya kufunika kidonda kwa sifongo na kukivuta kwa mashine ya umeme. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, mhandisi wa chuo cha MIT, Danielle Zurovcik, alipeleka huko pampu ndogo ya mkono ya mikunjo, ya plastiki, isiyohitaji umeme, na baadaye ikajaribiwa Rwanda. Nilipoona picha yake niliitazama mikunjo ile kwa wasiwasi wa mtu aliyekwisha pasua kinanda kimoja.

Waliolijibu suala langu vizuri kuliko wote ni watu wa chanjo. Miaka ya 1980 walitumia mabomba ya sindano ya plastiki yaliyotengenezwa yatiwe mvuke mara nyingi, pamoja na mitungi yake midogo ya jikoni. Mitungi ikachakaa, mafuta ya taa yakakosekana, watu wakaruka hatua. Mwaka 1999 mashirika ya WHO, UNICEF na UNFPA yalitaka hadi mwisho wa 2003 chanjo zitolewe kwa bomba linalojifunga lenyewe baada ya dozi moja. Halimwombi muuguzi uaminifu. Ukitaka kulirudia, pistoni inakataa. Ningeutaka mpira wa kidonda wa namna hiyo, ukishatoka mwilini mdomo wake usiweze kuunganishwa na kitu tena, na ukiambatana na chupa inayofunguka hadi ndani.

Mwaka jana nilimsindikiza kaka yangu kupigwa hijama, mjini hapa, kwenye chumba chenye pazia la kijani. Mgongo unamsumbua, na dawa za vidonge amezichoka. Kijana mmoja mpole, mwenye glavu, alikuwa na vikombe vya plastiki ngumu vyenye valvu juu, na pampu ya mkono yenye umbo la bastola. Alipachika kikombe, akavuta mara tatu, ngozi ya kaka ikapanda kama andazi. Pampu ikahamia kikombe cha pili, cha tatu. Nikakaa wima kwenye benchi. Pampu haigusi mgonjwa, kikombe kinagusa. Wembe ulitoka kwenye karatasi mpya, nikamwona akiutupa kwenye boksi la manjano.

"Na vikombe, mwanangu?" nikamwuliza.

"Hivi ni vya mara moja, mama. Kila mtu na vyake."

Kaka yangu alilipa. Kijana alipoinua pazia kuchukua chenji, niliona beseni la bluu sakafuni, limejaa maji yanayonuka jiki, na vikombe kama kumi na vitano vikielea vimelala ubavu. Aliniona nikiviona. Hakusema kitu, nami sikumlaumu. Nilimwomba kimoja, nikaichomoa valvu kwa ukucha, nikamwonyesha kamrija kembamba chini yake na mstari mwekundu uliokauka pale ambapo maji hayakufika. Akaleta kiti akakaa, akaniuliza kama ninaijua brashi inayoweza kuingia humo.

Nikamwambia sijawahi kuiona.